Mjadala: Je, kujitolea kulazimishwe kwa sheria kama Rwanda?

Ndugu zangu, kila tukigusia madawati, vyoo vya shule au uhaba wa damu hospitalini, hujitokeza anayesema Mtanzania hana utamaduni wa kutoa, kwa hiyo serikali ituwekee siku ya lazima kama umuganda wa Rwanda. Mimi napinga, na naomba wanaounga mkono wanijibu kwa hoja.

Tuanze na umuganda wenyewe. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatakiwa kutoka kwenye kazi ya pamoja, na anayekosa bila udhuru anaweza kutozwa faini ya hadi faranga 5,000. Matunda yake yanaonekana, Kigali ni safi, hilo sibishi. Ila kazi unayoifanya kwa kuogopa faini ina jina lingine. Sisi tulishaionja. Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro waligomea matuta waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni, ingawa kuzuia mmomonyoko wa udongo milimani lilikuwa jambo la maana kabisa.

Halafu hili la kwamba hatutoi linanikera kweli. Nenda msibani popote, Temeke au Tukuyu. Chini ya turubai kuna mtu na daftari la shule, kapiga mistari kwa mkono: jina, ahadi, taslimu. Muuza mchicha anatoa elfu mbili, dereva wa bodaboda elfu tano, asiye na fedha anabeba maji au anakaa jikoni na akina mama mpaka usiku. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji anasimama na kusoma: rambirambi kiasi hiki, jeneza kiasi hiki, gari, chakula, kilichobaki wanakabidhiwa wafiwa. Hakuna sheria iliyowaita pale. Na harusi nazo, pamoja na lawama zote za kadi za michango, zinaendeshwa kwa mpango huohuo.

Kinachotushinda ni kumpa tusiyemjua, kupitia mikono tusiyoiona ikihesabu. Ndiyo maana ndugu akilazwa tunachangia damu haraka, akiruhusiwa haturudi tena.

Chukueni tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Watu walichanga kutoka kila kona ya nchi. Baadaye wananchi wakaambiwa serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma kama shule na vituo vya afya. Huenda uamuzi ulikuwa na sababu zake. Lakini aliyetuma mchango wake kwa simu alikuwa na sura ya familia iliyolala nje akilini mwake, na hakuulizwa. Linganisheni na Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023, ambako waathirika walijengewa nyumba na wakakabidhiwa. Mtu aliyechangia Hanang ana cha kuonyesha akiombwa tena.

Michango ya shule ni jeraha jingine. Kabla ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajalipa. Kuliondoa lile lilikuwa jambo jema, nalitetea mpaka leo. Lakini mchango wa hiari ukageuka kitu cha kuogopwa, mwalimu hataki hata kuutaja, na mzazi mwenye uwezo wa mfuko mmoja wa saruji hajui ampe nani.

Kama tunataka sheria, ipo tayari. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe pale mbele ya wananchi. Isimamiwe hiyo kabla ya kutunga ya faini. Kila mchango wa darasa, zahanati au maafa usomwe kama unavyosomwa ule wa msiba: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kiko kwa nani.

Sasa nyie mnaotaka umuganda, nijibuni hili kwanza: huko kijijini au mtaani kwenu, mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ilikuwa lini, na nani alisimama akauliza swali?