Kaka ametubu mbele ya kanisa zima, lakini sisi ndugu zake hajatuambia neno. Nifanyeje?

Binti_wa_Hana

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia "samehe tu", maana hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

Kwetu tumezaliwa watatu: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume. Mama aliugua muda mrefu, na kaka ndiye aliyekuwa akiishi naye. Mimi na mdogo tulikuwa tunatuma fedha za dawa kupitia kwake. Kila nikipiga simu, mama aliniambia, "Msiwe na wasiwasi, kaka yenu ananihangaikia."

Baada ya mazishi nilikuwa napanga nguo zake nikakuta daftari dogo. Mama alikuwa akiandika tarehe, jina la dawa, na alama ya vyema pale dawa ilipoletwa. Kurasa za mwanzo zina alama kila mstari. Za mwisho hazina. Pale penye nafasi tupu ameandika kwa penseli: "kesho". Mstari unaofuata, "kesho". Ni hivyo mpaka chini ya ukurasa, na tarehe hizo zote sisi tulikuwa tumeshatuma.

Daktari alitueleza kuwa ugonjwa ulikuwa umefika mbali, kwa hiyo sisemi kaka ndiye aliyesababisha kifo. Ninachosema ni kwamba mama alilala na maumivu ambayo fedha ya kuyatuliza ilikuwepo.

Sasa kaka ameokoka. Namshukuru Mungu kwa hilo, na ulevi ameacha kweli. Alisimama kanisani akashuhudia kuwa aliwahi kuwa mwizi "hata ndani ya nyumba yake mwenyewe". Watu walipiga makofi, wengine walilia. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Ibada ilipoisha alinisalimia kama kawaida, akapita. Mpaka leo mimi na mdogo hajatuambia lolote. Kila asubuhi anatuma mstari wa Biblia kwenye kundi letu la familia, na juzi ameomba turudishe mchango wa kila mwezi, autunze yeye kwa kuwa ndiye mkubwa.

Mama mdogo anasema moyo wangu ni mgumu. Wazee wa kanisa wanasema aliyesamehewa na Mungu, mimi ni nani hata nimshikilie. Mdogo wetu amejitoa kwenye kundi, hataki hata kusikia jina lake. Mimi nimeacha kushiriki Meza ya Bwana, naogopa kuila hukumu yangu.

Je, kumsubiri aseme nasi ni kutosamehe?

Mtumishi_K

Pole sana dada yangu. Soma Mathayo 6:14-15. Bwana hakuweka sharti kwamba mpaka yule mtu aje kwanza. Marko 11:25 anasema mkisimama kusali, sameheni. Hapo ulipo, unaposali. Hilo daftari lichome, litakutesa bure.

Mwalimu_wa_Watoto

Mtumishi, nakuheshimu, ila la kuchoma daftari sikubaliani nalo. Ule ni mwandiko wa mama yao, na ndio ushahidi pekee kwamba dada huyu hakuota. Watu wengi waliodhulumiwa ndani ya familia wanaumizwa mara ya pili pale wanapoambiwa kuwa jambo lenyewe halikuwa kubwa.

Dada, Bwana huyo huyo aliyesema saba mara sabini ndiye aliyesema katika Luka 17:3, "ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumo ndani ya amri. Na torati ilikuwa wazi zaidi: Walawi 6 inasema aliyemdhulumu mwenzake katika amana atarudisha kitu chote, ataongeza sehemu ya tano, atampa mwenyewe, ndipo apeleke sadaka ya hatia kwa kuhani. Tazama mpangilio: anaanza kwa aliyedhulumiwa, halafu madhabahu. Zakayo hakuishia kulia mbele ya Yesu, alitaja atakachorudisha. Kaka yenu ameanzia madhabahuni. Si vibaya, ila hajamaliza, na wazee wenu walipaswa kumwambia hivyo badala ya kukuandama wewe.

Ushuhuda si msamaha ulioombwa. Ushuhuda unasikilizwa na wote, lakini kuomba msamaha kuna mtu wake.

Baba_Neema

Mimi nitagusa hilo la Meza ya Bwana tu, kwa sababu linanisumbua kuona mtu aliyeumizwa ndiye anayebaki na njaa.

1 Wakorintho 11:28 inasema mtu ajihoji mwenyewe, *na hivyo* aule mkate. Haisemi ajihoji kisha akae benchi. Jihoji hivi: je, namtakia kaka mabaya? Nikisikia ameanguka tena kwenye pombe, nitafurahi? Kama jibu ni hapana, au kama ni "sehemu yangu ingefurahi, nami naichukia sehemu hiyo", nenda ukale. Meza ile imeandaliwa kwa ajili ya watu wenye vita ya namna hiyo. Uchungu si sawa na kinyongo. Daudi katika Zaburi 55 analia kwamba angetukanwa na adui angevumilia, lakini ni mwenzake, rafiki yake, waliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu. Alilia hayo katika sala, nayo yakaandikwa kuwa sala.

Binti_wa_Hana

Baba Neema, nimesoma jibu lako nikalia. Hapana, sitafurahi akianguka. Huwa namwombea, hata siku ambazo sitaki kumwona.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Namkasirikia pia mama. Alijua. Kila siku aliandika "kesho", halafu mimi ananiambia yuko salama. Kwa nini alimficha? Mume wangu anasema mama alikuwa ameshamsamehe, hivyo mimi ninafukua alichokizika yeye.

Nyanya_Mwombaji

Mwanangu, naandika kama mama wa watoto waliokwisha kuwa watu wazima.

Sote hatujui kilichokuwa moyoni mwa mama yako. Huenda alisamehe. Huenda aliogopa kuwa mkijua mtagombana akiwa kitandani, na yeye hana nguvu za kuwaamua. Huenda aliona aibu kwa ajili ya mtoto wake, maana aibu ya mtoto huivaa mama. Huenda aliamini kweli kwamba kesho italetwa. Sisi akina mama huwa tunaamini.

Lakini alichosamehe yeye ni cha kwake. Wewe ulidanganywa, jasho lako lilipotea, na ulinyimwa nafasi ya kumtuliza mama yako akiwa hai. Hayo ni yako, na hakuna aliyeweza kuyasamehe kwa niaba yako, hata mama. Mkwe wangu (namwita hivyo mumeo kwa heshima) asitumie ukimya wa marehemu kukunyamazisha. Na wewe usiutumie kumhukumu kaka. Mwache mama apumzike.

Kumkasirikia marehemu si dhambi ya ajabu, mwanangu. Mwambie Mungu hivyo hivyo ilivyo.

Mwanazuoni_Mdogo

Watu wakizungumzia msamaha wa ndugu wanakimbilia Yusufu, lakini wanaruka sura tatu. Yusufu aliuzwa na ndugu zake akiwa kijana wa miaka 17. Walipokuja kununua nafaka hakuwakumbatia papo hapo. Aliwauliza maswali, akamshika Simeoni, akataka Benyamini aletwe, akaficha kikombe guniani. Alijitambulisha katika Mwanzo 45, baada ya Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, kujitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Kwa hesabu ya miaka iliyotajwa, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20. Na huku nyuma fedha zao alizirudisha magunia mwao kwa siri. Aliwatendea mema kabla hajawaamini.

Kwa hiyo mchango wa kila mwezi, kataa. Kataa kwa upole na bila kujieleza sana. Unaweza kumsamehe mtu leo na usimpe kutunza fedha mwaka huu. Kwa mtu aliyetoka kwenye ulevi juzi, kumwekea fedha za watu mkononi ni kumtega.

Mtumishi_K

Nimesoma haya yote. Mwalimu, hoja ya Walawi nimeipokea. Ila nina angalizo moja, dada usichoke nami.

Katika 2 Samweli 14 Daudi alikubali Absalomu arudishwe, lakini akasema asiuone uso wake. Absalomu akakaa Yerusalemu miaka 2 mizima bila kumwona baba yake, na wote tunajua kilichofuata: alimwasi baba yake. Pale hapakuwa na msamaha wala hukumu, palikuwa na mlango uliofungwa nusu. Hali yenu ya sasa inanikumbusha hiyo: yeye anatuma mistari, wewe unasoma hujibu, na wote mnasema "tuko sawa". Usikae hapo muda mrefu. Mathayo 18:15 imemwambia *aliyekosewa* aende. Si haki kabisa kwa jinsi wanadamu wanavyohesabu, najua. Lakini ukiendelea kusubiri aanze yeye, huenda anasubiri ujasiri ambao hatakaa aupate.

Binti_wa_Hana

Mtumishi, hilo la Absalomu limenipata. Nikienda, naanzaje? Nikifungua mdomo nitalia au nitapiga kelele. Na niende na wazee?

Mwalimu_wa_Watoto

Wazee hapana, si mara ya kwanza. "Wewe na yeye peke yenu." Mashahidi wanakuja hatua ya pili, asipokusikia.

Usifanye kwenye kundi la familia wala kwa simu. Usianze na mstari wa Biblia. Yeye mwenyewe amejificha nyuma ya mistari, ukiongeza wa kwako mtajibizana maandiko mpaka usiku. Sema jambo lenyewe: "Kaka, fedha za dawa tulizotuma miezi ile ya mwisho hazikumfikia mama. Nimeona daftari lake. Nataka unieleze." Halafu nyamaza. Utatamani kumsaidia kujibu, usimsaidie. Ukilia, lia.

Daftari nenda nalo kwenye mkoba, lakini usilitoe kwanza. Akikiri bila kuoneshwa, jua Roho ameshafanya kazi. Akikana, hapo mwoneshe mwandiko wa mama yake.

Akiuliza arudisheje, usiharakishe kusema "basi, yaishe". Mwachie alipe hata kidogo kidogo. Kulipa kutamponya yeye kuliko wewe.

Nyanya_Mwombaji

Na akikataa kabisa, umetimiza la kwako. "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote," ndivyo Paulo alivyowaandikia Warumi. Upande wa pili si wako.

Binti_wa_Hana

Nimemwandikia ujumbe kuwa nataka tuonane, mimi na yeye, kuhusu mama. Amejibu baada ya saa nyingi: "Najua ni nini. Nitakuja." Mniombee.

Swali la mwisho: mdogo wetu nimwambie? Nikimficha nitakuwa nafanya kama mama. Nikimwambia, atataka kuja, na yeye ana hasira ya kupiga.

Baba_Neema

Mwambie kwamba unaenda, lini, na kwa nini unaenda peke yako. Mwambie pia kwamba baadaye utamweleza kila kilichosemwa, bila kupunguza. Usimbembeleze asamehe, na usimpelekee salamu za kaka hata ukiombwa. Kaka ana mguu, atamfuata mwenyewe siku yake ikifika. Kwenye kundi la familia usimrudishe mpaka aombe.

Tunaomba pamoja nawe.