Utomvu hauoshwi, mashine inakata karatasi, anayelaumiwa ni opareta!

Wakuu, leo acheni niseme maana nikinyamaza nitapasuka.

Niko upande wa mashine ya karatasi, kiwanda sikitaji. Malighafi yetu ni paini, mti uliojaa utomvu. Kila zamu karatasi inakatika, waya na felti (wavu na vitambaa vinavyobeba karatasi mbichi) zimeganda ulimbo mweusi, tunasimamisha mashine tunakwangua kwa mikono. Asubuhi kikaoni swali ni lile lile: "Zamu ya usiku mlikuwa mmelala?"

Jamani! Utomvu unaondolewa kwenye kuosha rojo, yaani mbao iliyopikwa ikawa uji, haunisubiri mimi huku mwisho!

Paini ikipikwa kwa kostiki (soda kali), asidi zilizomo kwenye utomvu na mafuta yake zinageuka sabuni, na sabuni hiyo inabeba hata mafuta mengine yasiyogeuka. Inatakiwa itolewe ikiwa bado sabuni: maji ya moto, nyuzi 70 hadi 80, kostiki bado imo, rojo lipite kwenye madramu ya kuoshea bila kukimbizwa. Ile sabuni inayoelea juu ya maji meusi yaliyobaki baada ya kupika inaenguliwa. Ufini na Uswidi wanaigeuza kuwa mafuta na kuyauza.

Kwetu? Ili kubana mvuke, dramu la mwisho linapewa maji ya uvuguvugu, tena ya kisima chenye chokaa. Aliyewahi kufua kwa maji ya chumvi anajua: povu halitoki, beseni linabaki na utando. Ndicho kinachotokea mle, ila utando wetu unanata na unakuja kukaa kwenye felti. Tani zimepandishwa, rojo linapita nene, povu linafurika, basi wanamwaga dawa ya povu yenye mafuta, ambayo nayo inaishia kwangu. Mbele tunatia shabu, asidi inapanda, sabuni iliyobaki inavunjika na utomvu unaachia palepale.

Na magogo! Zamani yalikaa uwanjani wiki kadhaa, utomvu ukapungua wenyewe. Siku hizi yanatoka kwenye lori moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kukatakata. Halafu wananunua unga wa talki magunia kwa magunia eti ndiyo suluhisho. Talki inapunguza kunata, sikatai, lakini sabuni yote ile itamezwa na talki gani?

Kikao kijacho kifanyikie kwenye madramu ya kuoshea, mabosi waje na kipimajoto. Na bonasi mliyotukata mwezi huu tunaitaka.