Naomba ushauri: visu vyembamba vya Kijapani, kipi kina thamani ya hela yake?

Habari zenu wakuu. Nataka kisu kimoja cha Kijapani cha chuma cha pua, gyuto (kisu cha mpishi cha kazi zote) ya milimita 210, bapa jembamba. Nimechuja nimebaki na Tojiro DP, Misono UX10 na Takamura R2.

Tojiro ndiyo nafuu zaidi. Chuma cha katikati ya bapa, chenye makali, ni VG-10, chuma kizuri tu. Ila nyuma ya makali ni nene kidogo: ukikata karoti kubwa unaisikia ikipasuka, haikatiki. Kwangu hapo ndipo penye mzigo wote. Ugumu wa chuma hufanya makali yadumu, lakini kisu kuteleza ndani ya karoti bila kukwama ni kazi ya wembamba, na watu wengi wanaangalia jina la chuma peke yake.

Kwa wembamba, Takamura ni balaa, na R2 ni chuma kilichotengenezwa kwa unga wa metali, kinachokaa na makali muda mrefu. Hofu yangu ni mapengo. Chuma kigumu hivyo hakitaki kupindishwa kikiwa ndani ya boga, wala kugusa mfupa. Misono iko katikati, imemaliziwa vizuri sana.

Natumia ubao wa mbao na nanoa mwenyewe kwa jiwe la 1000. Waliotumia Takamura kila siku, makali yanameguka kweli? Na je, Tojiro ikikondeshwa kwenye jiwe inaweza kuikaribia? Kama kuna gyuto nyembamba ya Ginsan (aina nyingine ya chuma cha pua cha Kijapani) mnayoiamini, nitajieni tafadhali.