Tupeane uzoefu: Ulidhani umezima umeme, kumbe...

Mzee wa Bisibisi
Wakuu salaam. Jana nusura niwaache. Breka ya jiko ilikufa, nikasema fundi wa nini, kazi ya dakika kumi hii. Kwetu meni swichi ipo barazani karibu na mita, kasha la breka lipo koridoni. Nikashusha meni, nikaingia ndani, nikafungua kasha, nikaanza kulegeza skrubu. Shemeji yangu mdogo alikuwa kalala. Joto likamwamsha, akaona feni imesimama, akatoka nje hata salamu hakunipa, akapandisha meni, akarudi kulala. Nadhani alijiona kaokoa nyumba.
Bisibisi ilipiga cheche nikaona bluu tupu. Ncha imeyeyuka, ninayo hapa mezani naitazama. Sikuumia, ila usiku usingizi haukuja. Ni mimi tu au? Leteni yenu.

Kapuku Mstaafu
Natandika mkeka hapa.

Binti Mbagala
Pole mkuu. Mashemeji ni majanga hata bila umeme.

Fundi Leseni
Shemeji msameheni. Swichi ilimwonyesha imeshuka, haikumwambia imeshushwa na nani wala kwa nini.
Mimi nikikuta meni zile za chuma zenye mkono wa pembeni, pana tundu pale, napitisha kufuli. Ufunguo unakaa mfukoni mwangu, hauwekwi juu ya friji. Zile breka ndogo za plastiki zina klipu zake za kufungia, na siku nisipokuwa nazo napiga soli tepu mizunguko mitatu na kipande cha boksi kimeandikwa FUNDI YUPO NDANI, USIWASHE. Halafu nawaambia waliomo nyumbani mmoja mmoja, mpaka bibi aliye kitandani. Wapangaji ndio usiseme, kila mlango unagonga.
Baada ya hapo ndiyo napima. Na hata ukipima kumekauka, kumbuka nyaya zinazoingia juu ya meni kutoka kwenye mita bado zina moto. Meni inakata chini yake, juu yake haikati. Kule ni kazi ya wenye umeme wao, na ile lakiri ya mita usiiguse.

Kishoka wa Kitaa
Kufuli 😂😂 Miaka 18 niko kwenye hii kazi sijawahi kumfungia mtu kufuli. Unavaa kandambili kavu, mkono mmoja mfukoni, unapiga kazi na moto wake humohumo. Ukianza kuzimazima mteja anaona hujui kazi, friji lake linayeyuka anakukata bei.

Fundi Leseni
Na jina lako lenyewe umejitaja: kishoka, fundi asiye na leseni.

Kishoka wa Kitaa
Leseni inazuia shoti? Inapitisha umeme ikikaa mfukoni au haipitishi?

Fundi Leseni
Leseni ya EWURA haizuii shoti. Inazuia watu kama wewe kuacha nyaya zimesokotwa kwa plaizi na kufunikwa na mfuko wa rambo. Nimeyakuta hayo wiki iliyopita, na nina uhakika yalikuwa ya mtu mwenye miaka 18 kazini.

Mama Zuri
Acheni hizo, tuendelee na mada. Mimi si fundi ila marehemu baba alikuwa fundi. Enzi za mgao, umeme ukikatika yeye ndipo anashika begi. Anasema nafanya kazi kwa amani sasa, hakuna wa kunirusha. Siku hiyo yupo nyumba ya tatu kutoka kwetu, nyaya mkononi, hajashusha chochote. Mara watoto wa mtaa mzima, "Umeruuuudi!" Baba anasimulia kwamba ile kelele aliisikia tayari yupo chini kalala chali. Akawa anatutania, mtaa ulishangilia siku nilipoanguka. Alipona, lakini kidole cha pete hakikukunja tena mpaka anakufa uzeeni.

Kapuku Mstaafu
Hapo kwenye "umeruuudi" nimecheka halafu nikaogopa.

Mpangaji Chumba Namba 4
Jirani yetu ana jenereta, alikuwa anachomeka kwenye soketi ya ukutani kwa ile waya yenye vichwa dume pande zote mbili. Nyumba nzima inapata moto kwa nyuma. Na kama hajashusha meni unatoka mpaka mtaani. Fundi aliye kwenye nguzo anajua kumezimwa, kumbe moto unatokea chumbani kwa mtu. Tulimripoti kwa mjumbe.

Sola ya Singida
Ongezeni na inveta. Umeshusha meni, inveta inahisi umeme umepotea, inawasha yenyewe kutoka kwenye betri. Hapo wewe umesimama unajisifu umezima.

Dogo wa Ukonga
Nimekaa na hii kitu miaka sita, leo mmenichokoza. Samahani ni ndefu.
Nilikuwa msaidizi wa fundi, nimeanza kupata kazi zangu ndogondogo. Mama mmoja mwenye nyumba, mstaarabu sana, akaniita. Kasha lake la breka limeungua upande mmoja, linanuka plastiki. Nafika namsalimia shikamoo mama, marahaba mwanangu, bahati yako LUKU imeisha tangu asubuhi, fanya tu. Kweli, naangalia mita sifuri, nawasha taa hakuna. Nikaona neema. Kwa nini nishushe meni wakati mita yenyewe imeshakata? Hapo ndipo nilipoharibu.
Mita ni ile ya vitufe, iko ukutani barazani. Kasha lipo koridoni, ukuta uleule kwa ndani. Nimepanda stuli ya chuma, ndiyo, ya chuma, nimechomoa kwenye kasha waya wa moto unaotoka kwenye meni, nimeushika kushoto nauchubua, bega la kulia nimeliegemeza kwenye fremu ya dirisha lenye nondo. Jasho linanitoka, ilikuwa Februari.
Sasa sikilizeni. Nikasikia nje sauti ya mtoto anasoma namba. Nne nne. "Nne saba mbili moja... sifuri tisa tisa tatu..." Na sauti nyingine inarudia, na vitufe vinalia tii, tii, tii. Wakuu, nilizisikia zote. Namba 20. Kichwani nikawa nasema huyu mtoto anajua kusoma. Mtoto wa dada yake mama alikuwa katumwa dukani kununua umeme, maana jioni kuna wageni na mama anataka ndizi zipoe kwenye friji... sijui ndizi au soda, nisiwaongopee. Kwa mama, fundi kutengeneza kasha na mtoto kuweka umeme ni mambo mawili yasiyohusiana.
Tii ya mwisho. Halafu ndani ya mita kitu kikafanya ta!
Watu wanasema umeme unarusha. Mimi haukunirusha, ulininata. Mkono ulijifunga wenyewe kwenye ule waya. Nilikuwa nataka kupiga kelele, mdomo unakataa, meno yamegongana. Nilikuwa namuona paka wa mama amekaa mlangoni ananitazama na sina uwezo wa kumwambia kitu. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nilichokuja kuambiwa ni kwamba stuli iliteleza, uzito wangu ndio ulionichomoa. Nilianguka na kipande cha waya mkononi.
Mama alitoka jikoni anauliza, umemaliza mwanangu?
Hospitali walinipima moyo, wakanilaza usiku mmoja. Kiganja cha kushoto nina alama mbili, bega la kulia moja, pale ulipotokea. Yaani ulivuka kifua kizima. Daktari alinionyesha kwa kalamu njia uliyopita, nikanyamaza.

Binti Mbagala
Mungu wangu. "Umemaliza mwanangu."

Mzee wa Bisibisi
Dogo uzi ni wako sasa, mimi na bisibisi yangu tunakaa pembeni.

Kapuku Mstaafu
Huyo paka alijua.

Nyali Kwetu
Sisi huku Mombasa stima pia ni ya tokeni, tarakimu 20 vilevile, na siku hizi mtu anakununulia akiwa kazini anakutumia kwa simu. Nimesoma hii nikatoka kwenda kumtazama fundi wangu aliyeko nyuma ya nyumba. Amezima, alhamdulillahi.

Nesi wa Zamu
Dogo pole, na hongera kwa kwenda hospitali. Wengi wanakuja kesho yake. Anayesema "niko poa" naye apelekwe, moyo unaweza kubadili mapigo baadaye. Na jamani, mtu akinatwa msimvute kwa mkono, mtanata wote. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui anza kukandamiza kifua, mwingine atafute gari.

Kijana wa Korogwe
Mimi nilifundishwa umzike kwenye mchanga mpaka shingoni unyonye umeme.

Nesi wa Zamu
Umeme haubaki mwilini kama maji ya mvua. Msizike watu.

Kishoka wa Kitaa
Haya, Dogo pole sana, hiyo imenigusa. Lakini mngetumia testa tu yangeisha. Unagusa, haiwaki, unapiga kazi. Kufuli la nini?

Fundi Leseni
Dogo angegusa na testa asingeona kitu, maana wakati ule kweli hakukuwa na moto. Moto ulikuja baadaye. Ndiyo maana ya kufuli, kaka.
Na hiyo testa ya taa nayo inakudanganya. Inawaka kwa kupitishia mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa umesimama juu ya stuli ya mbao na viatu vya raba inaweza isiwake na waya una moto. Juani huoni mwanga wake. Chukua maltimita au testa ya nyaya mbili, jaribu kwanza sehemu unayojua ina moto, iseme kitu kama volti 230. Njoo upime ulipozima: moto na niutro, moto na ethi, niutro na ethi. Kisha rudi kule penye moto uijaribu tena, maana inaweza kufa betri katikati ukasoma sifuri ya uongo.

Kishoka wa Kitaa
Niutro haipigi mtu. Unapima niutro ya nini?

Fundi Leseni
Washa taa, kisha ikate niutro yake. Ile ncha inayotoka kwenye taa inabaki na moto, shika uniambie.

Kishoka wa Kitaa
...

Mama Zuri
Kajibu kwa nukta 😂

Bwana Tanga
Na msiamini rangi. Nyumba yetu ya zamani ina fezi tatu, nyekundu, njano na bluu, niutro nyeusi. Fundi kijana kazoea mpya, kahawia ndiyo moto, bluu niutro. Akaishika bluu yetu kwa heshima zote. Alitoka mpaka uani.

Sola ya Singida
Mimi nina ile breka yenye kitufe cha T, ya milliampea 30, si itanikatia?

Fundi Leseni
Inakata umeme ukivujia ardhini. Ukishika moto mkono huu na niutro mkono huu, wewe kwake ni balbu tu. Na ukigusa nyaya za juu yake, kabla umeme haujaifikia, haijui lolote.

Kijana wa Korogwe
Kwa hiyo nivae kandambili au nisivae?

Kapuku Mstaafu
Vaa, utazikwa nazo.

Binti Mbagala
Mwenye fundi mzuri maeneo ya Kigamboni anicheki. Awe na kufuli lake.

Mpangaji Chumba Namba 4
Dogo wa Ukonga, hujatuambia: yule mama alikulipa?

Dogo wa Ukonga
Alikuja hospitali na uji na machungwa, akalia sana, ni mama mwema. Tulikubaliana elfu ishirini. Kanipa kumi na tano, elfu tano kasema alinunulia umeme.