Naomba ushauri: nimweleze vipi mwanafunzi kwa nini jedwali la elementi linakomea 118?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha kemia sekondari hapa Mwanza. Binti mmoja wa kidato cha tatu kaniuliza: kwa nini jedwali linakomea 118, na 119 iko wapi? Swali zuri mno, sitaki kumjibu juu juu.

Nimemweleza kwamba protoni, chembe za ndani ya kiini cha atomu ambazo idadi yake ndiyo namba ya elementi, zina chaji ya aina moja, hivyo zinasukumana. Nguvu ya kiini inazishikilia, ila inafanya kazi kwa umbali mdogo sana; kiini kikizidi ukubwa, msukumo unashinda, kinavunjika. Oganesoni, namba 118, ilitengenezwa Dubna, Urusi, kwa kurusha viini vya kalsiamu-48 kwenye kalifoniamu, na nusu-uhai wake (muda wa nusu ya atomu zake kuvunjika) haufiki hata milisekunde moja. Mwaka 2024 maabara ya Berkeley, Marekani, ilitengeneza livamoriamu, namba 116, kwa titaniamu-50, ikijiandaa kuitafuta 120. Hizo za 119 na 120 bado hazijapatikana.

Ninapokwama ni kwenye "kisiwa cha uthabiti". Nadharia inatarajia viini vyenye nyutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) karibu 184 vidumu zaidi ya majirani zake. Nafikiria mfano wa kisiwa cha Ukerewe, watoto wote wanaijua: unavuka maji mengi ndipo unakuta nchi kavu. Lakini naogopa wataamini elementi hizo zitadumu milele, wakati hata dakika chache zingekuwa ajabu kubwa.

Walimu wenzangu, mfano huo unafaa? Au nyutroni niziache mpaka kidato cha tano? Mwenye njia aliyowahi kuitumia darasani bila maabara, tafadhali anielekeze.