Naomba ushauri: istilahi za uhandisi kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza

Kalamu ya Katuba: Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Ninatafsiri hesabu za mnara wa tangi la maji, na kamusi inasema "flèche" ni mshale. Niamini kamusi ipi?

Mwalimu wa Ruashi: Mdogo wangu, katika boriti "flèche" ni kiasi inachopinda chini ya mzigo, yaani "deflection", na "contrainte" ni "stress". Fungua Eurocode 2, kanuni za Ulaya za majengo ya zege: imetolewa rasmi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na namba za vifungu ni zilezile, kwa hiyo utasoma istilahi mahali pake.

Msafiri wa Kasumbalesa: Mimi naogopa zaidi alama ya mkato. Niliwahi kuona agizo la kemikali, kilo 2,500 kwa Kifaransa, yaani mbili na nusu, likisomwa kuwa elfu mbili na mia tano.

Mama Kampemba: Nani ataisoma tafsiri hiyo, na mhandisi alifuata kanuni zipi?

Kalamu ya Katuba: Mafundi kutoka Ndola, Zambia. Hesabu ni za BAEL 91, kanuni za Kifaransa za zege yenye nondo, "fc28", yaani nguvu ya zege, ikiwa MPa (megapaskali) 25. Sura za kwanza nimekwisha kuzipeleka zikisema "concrete strength 25 MPa", na sioni sababu ya kuzirudia, kwani namba haitafsiriwi.

Mama Kampemba: Hapo ndipo penye hatari, mwanangu. BAEL hupima zege kwa silinda ya sentimita 16 kwa 32, baada ya siku 28, ilhali waliofunzwa kwa kanuni za Uingereza hupima kwa mchemraba, ambao kwa zege ileile hutoa namba kubwa zaidi. Ndiyo maana Eurocode huandika C25/30, yaani 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba. Wakipata 25 kwenye mchemraba wataridhika, na mnara utabebwa na zege dhaifu kuliko iliyokusudiwa.

Raia wa Kenya: Nani humkabidhi asiye mhandisi hesabu za mnara? Hili ni zoezi la chuo, nasi tunamfanyia.

Mwalimu wa Ruashi: Hata likiwa zoezi, silinda haigeuki mchemraba.

Kalamu ya Katuba: Si zoezi, ila mteja sitamtaja. Sura sitazirudia zote. Je, barua ya maelezo pembeni haitoshi?

Mama Kampemba: Haitoshi, kwa sababu haitamfikia anayechanganya zege. Andika ndani ya jedwali lenyewe, "25 MPa, cylinder, 28 days", kisha leo hii umpelekee mhandisi aliyefanya hesabu athibitishe kwa sahihi yake.