Dumu la Bibi

Kikundi: Nyumba Kubwa, Malindi
Jumapili

Khalid, 18:40
Assalaam aleikum jamaa. Tumerudi salama. Dumu la Bibi liko jikoni, lita tano, limejaa maji ya chemchemi.

Shangazi Rukia, 18:41
Waaleikum salaam. Mbona nasikia umerudi na ndara moja?

Khalid, 18:43
Nyingine imebaki kwenye tope la hori la Mida. Nilitia mkono mpaka kiwiko kuitafuta, nikatoka na kaa.

Salma, 18:43
Kaa mwenyewe mkubwa kuliko ndara 😂

Khalid, 18:47
[picha]
Hapa ndipo penyewe. Unapita mikandaa iliyobanana, unakwenda ubavuubavu, halafu ghafla pako wazi. Jiwe limepasuka kama mdomo, na chini yake mchanga unatokota polepole kama uji unaotaka kuiva. Ila baridi! Miguu iliganda.

Mwanaisha, 18:48
Mashallah! Tuma ramani, niende na wenzangu wa kazini

Khalid, 18:48
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Rukia, 18:49
Umefanya vizuri kufuta kabla sijakupigia. Leo wenzake wa kazini, kesho boti la wageni, kesho kutwa chupa za plastiki.

Mwanaisha, 18:49
Nilishaihifadhi 🙈

Shangazi Rukia, 18:50
Basi ibaki humo humo.

Mwanaisha, 18:52
Haya. Lakini maji matamu yametoka wapi katikati ya chumvi? Mto wenyewe uko wapi?

Mjomba Athmani, 18:58
Hakuna mto mwanangu. Mida haina mto hata mmoja unaomwaga humo. Mvua inanyesha juu msituni, Arabuko-Sokoke, zaidi ya kilomita za mraba 400, na kule ni mchanga mtupu, maji yanazama. Huku chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama sifongo. Yanapita humo mpaka yanatokea pwani. Hiyo mikoko yenu inategemea maji hayo, wala si bahari peke yake.

Mjomba Athmani, 19:01
Mkienda Gede chungulieni visima vya magofu, maji ni yale yale ya chini. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na kati ya sababu zinazotajwa ni visima kushuka maji. Watu walichimba, wakazidisha kina, mwisho wakachoka.

Salma, 19:04
Samahani Mjomba. Bibi anauliza: dumu lilijazwa saa ngapi?

Khalid, 19:05
Saa sita na kitu

Mjomba Athmani, 19:05
Eeeh.

Salma, 19:06
Ameonja. Ametema. Anasema Khalid amemletea bahari.

Khalid, 19:06
Wallahi nilichota pale pale jiweni!

Mjomba Athmani, 19:09
Pale pale, lakini jana mwezi ulikuwa kumi na nne. Ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne asubuhi ndipo maji yamekupwa kabisa, jiwe liko nje, chemchemi inatoka peke yake. Saa sita bahari imeshaanza kurudi, inaingia kwa chini chini huku wewe unapiga picha.

Khalid, 19:10
Mlaumuni Salma. Tulingoja mahamri yake yaumuke mpaka saa tatu.

Salma, 19:10
Mahamri uliyokula saba?

Bibi, 19:13
[ujumbe wa sauti, 2:41]

Salma, 19:17
Kwa walio kazini: Bibi anasema wao walikwenda na kata, si dumu. Unakwangua mchanga kwa kisigino, shimo la kiganja tu. Maji ya kwanza yanatoka na tope, mwaga. Ya pili mwaga. Ya tatu unayaacha yatulie mpaka uone kucha zako chini, ndiyo unachota. Na hata hayo yana kachumvi kwa mbali. Ya mfereji, ya Baricho, anasema hayana ubaya ila hayana ladha.

Shangazi Rukia, 19:19
Enzi zake huko juu hapakuwa na vyoo vya shimo kila boma. Yakija yachemshwe, hata akinuna.

Salma, 19:20
Ameshanuna 😂

Mwanaisha, 19:22
Sasa hizo lita tano tuzimwage?

Salma, 19:24
Thubutu. Bibi ameshamenya muhogo, anachemshia hayo hayo. Anasema chumvi ya bure haimwagwi.

Mjomba Athmani, 19:26
Bamvua jingine ni mwezi ukiandama, wiki mbili hivi. Tunaondoka Malindi saa moja, mahamri yakiumuka yasiumuke. Khalid, uje na viatu vya kufunga.